Neno la Herufi Tatu na Baba Yake Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Nachingwea, Mkuu wa Idara ya Lugha alinikabidhi boksi la chaki na kamusi nene, akaniagiza niandae kipindi cha neno moja tu: 'get'. Nikacheka kimoyomoyo. Neno la herufi tatu, nani asiyelijua? Ni kupata, basi. Nilipofungua kamusi nikakuta kurasa na kurasa. Kuamka kumo, kufika kumo, kuchoka, kuelewa, kupanda gari na kushuka.

"Usiwape maana," Mkuu wa Idara aliniambia. "Waonyeshe mtu aliye kazini, neno watalikuta hapo hapo."

Ikawa ndiyo njia yangu. Kwenye andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, niliandika jina la kazi, kupalilia ufuta au kubangua korosho, na wanafunzi wakaigiza huku wakisema.

Nilipohamishiwa Ruangwa nilimkuta Somoe wa Kidato cha Pili, binti wa kijiji cha Nandagala, mkimya hata sauti yake hatukuijua. Msimu wa korosho ulipoanza, baba yake akaja kumwachisha shule. Mama mgonjwa, mikono shambani haitoshi. Mkuu wa Shule alimsihi mpaka akakata tamaa. Mimi nikamwomba mzee aketi nyuma ya darasa, kipindi kiishe ndipo waondoke.

Somoe akainuka bila kuitwa. Akaigiza siku ya baba yake: anaamka, anafika shambani, analowa mvua, anachoka, anarudi nyumbani. Yote kwa Kiingereza, na kila hatua na 'get' yake. Nami namtafsiria mzee kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, maana Kimwera, lugha ya kwao, changu ni cha kuombea maji tu.

Mzee alinigeukia, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, kaneno kadogo vile kamebeba siku yangu yote?"

"Yote, mzee."

"Basi mwache amalize. Korosho nitaokota mwenyewe."

Na alimaliza. Sasa nimestaafu, na kamusi ile bado inanishangaza kuliko ndege angani. Baba Somoe tukikutana sokoni hanisalimii kwa Kimwera wala Kiswahili. Anainua kapu lake la korosho juu, anasema, "Get." Nami naitikia, "Get, mzee."