Kamba ya Mlango wa Lukich

Siku baharia Gordey alipomwona Lukich kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa akipanda ngazi ya meli pale Petersburg, begi mkononi, kamba ya katani kaizungusha shingoni kama skafu. Mabaharia walicheka. Mmoja akamuuliza kama anakwenda kujinyonga huko kusini, kwenye barafu.

"Ya kukunyonga wewe, ukinidondoshea mapipa yangu," alijibu Lukich bila kusimama.

Alikuwa dereva wa trekta. Kila mwaka meli ilipogota kwenye barafu, yeye ndiye aliyevuta mapipa ya mafuta hadi kituoni, kwa watafiti waliokaa mwaka mzima wakiingoja meli. Chini ya barafu ile ni bahari. Ndiyo maana mlango wa trekta huachwa wazi, hata baridi iwe ya kukata masikio: barafu ikipasuka, dereva ana muda wa kuruka tu, hana muda wa kutafuta kitasa. Mlango wa Lukich ulishikiliwa wazi na kamba ile, na aliyepiga fundo ni Gordey, kwa kuwa yeye ndiye aliyepakia mapipa.

Walifanya hivyo misimu tisa. Gordey alikuwa mtu wa haya, maneno yakimkwama kooni. Lukich, akitafuna kitunguu kibichi kama tofaa, alisema ya wote wawili. Alimwita bwana harusi, eti kwa sababu Gordey hakuposa, aliposwa na mkewe.

Msimu wa kumi mzee alikuja na kikohozi. Daktari wa meli alimwamuru alale. Akajibu kwamba kituoni mafuta yamebaki ya siku nne, na dereva mwingine hayupo. Alikwenda safari tatu mlango wazi, akirudi midomo imegeuka buluu. Ya nne, Gordey alikuwa ameshashika kamba tayari. La kusema alilijua. Baadaye alilisema mara nyingi, peke yake, akisugua sitaha. Siku ile aliitikia kwa kichwa, akaikunja kamba, akaitia mfukoni.

Trekta ilizama hatua mia nne kutoka melini, penye ufa uliofichwa na theluji. Walipofika walikuta maji meusi na pipa moja likielea.

Kamba Gordey bado anayo. Mjane wa Lukich, Pelageya, aliwahi kumuuliza ni ya nini, akamwambia ni ya kufungia mizigo.

"Leo iache hiyo, bwana harusi," Lukich alimwambia kabla ya safari ile ya nne, akiuvuta mlango kutoka ndani. "Kifua kinaniwaka. Nipate joto kidogo tu, mpaka kituoni."