Zuhura wa Udi: Angalieni Kidole Gumba

Sijaamini, Zuhura, na sitaki kuamini. Leo siku ya tatu tangu tukuzike, na alfajiri nimepiga simu yako nikuulize umeamkaje. Akapokea mama yako. Tukalia wote.

Kwa msiomjua, huyu ndiye Zuhura wa Udi, aliyekuwa akiwafundisha kila Jumamosi kwenye TV namna ya kufanya nyumba inukie. Mimi ni Mwajuma, shosti wake, muuza mapazia. Maduka yetu Kariakoo yalitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Alianza na meza moja pembeni ya Mtaa wa Msimbazi. Udi akipika mwenyewe: anayeyusha sukari, anatia vipande vya mti wa sandali, anaepua, ndipo anamimina marashi. Usipoepua, marashi yanawaka moto. Hilo alinifundisha huku ananifinya sikio.

Siku moja sukari ya moto ilimrukia kidole gumba cha kulia. Likabaki kovu jeupe, kama punje ya mchele. Kovu hilo likumbukeni.

Siku yake ya kwanza studio, njia nzima toka kituo cha Gerezani aliniuliza swali moja. "Mwajuma, nikisahau maneno je?" Nikamwambia, "Kwani udi unapikwa kwa maneno?" Akacheka, akaingia live, Bongo nzima ikamjua.

Alikuja mama mmoja wa Lindi, anaishi chumba kimoja cha kupanga na jiko la mafuta limo humo humo. Wengine wangemcheka. Zuhura alikwenda na kamera mpaka kwake, akampangia chumba, wakakaa chini wakala mihogo. Ile episode mpaka leo watu wananitumia.

Halafu akaanza kuumwa.

Alikosa Jumamosi mbili tu. Ya tatu ikaja message: "Tunafanya rebranding, dear." Dear! Hata kumpigia simu hawakumpigia.

Kiti wakampa dada mmoja aliyekuwa akija dukani kwetu kunywa kahawa na kumwita Zuhura "mwalimu wangu". Simtaji jina. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa sikieni. Siku ya kwanza mwanafunzi huyo alimimina marashi sufuria ikiwa jikoni. Moto ukapanda, kope za bandia nusura ziende nao! Cameraman mwenyewe alitusimulia, hana mbavu kwa kucheka. Toka hapo hawakuthubutu kumpikisha tena. Wanaonyesha uso wake anatabasamu, kisha close-up ya mikono inakoroga.

Mikono ya nani? Fungueni video za dada huyo, moja baada ya nyingine. Angalieni kidole gumba cha kulia.

Walimfukuza Zuhura, wakakata vipindi vyake vya zamani, mikono yake wakabaki nayo.

Aliziona video hizo akiwa kitandani. Nilitaka kulianzisha siku ile ile, akanishika nguo. "Subiri. Nikiwa hai watasema nina wivu. Nikifa, sema." Nikamuapia, na kiapo hicho kimenikaa kooni miezi yote hii.

Juzi dada huyo kaja msibani na kamera yake. Miwani myeusi, kanga mpya hata pindo haijapigwa. Akakaa kwenye jamvi letu, akaiambia mic, "Zuhura nilimshika mkono, nikamfundisha TV." Mbele ya mama aliyemzaa!

Nilinyanyuka. Mama Zuhura akanivuta chini. "Mwanangu, msibani hakugombwi."

"Sigombi, mama," nikamwambia. Na kweli sikugomba. Nimechambua mchele, nimeosha vyombo, nimemkaribisha chai yule dada kwa mikono yangu miwili. Siku tatu nimemeza.

Mchana huu tumeanua tanga. Jamvi limekunjwa, wageni wameaga, msiba umekwisha. Nimebusu mkono wa mama, nimetoka, nimekuja dukani, nimeshika simu.

Jumamosi wanafanya special ya kukuenzi, Zuhura. Producer kaniita nikakulilie dakika tano. Nimekubali, tena nashukuru kwa mwaliko. Nakuja na jiko la mkaa, sukari, sandali, na sufuria yako ile yenye mpini uliolegea. Nitamwomba huyo mwalimu wako atupikie udi, live, kamera ikiwa kwenye vidole vyake mwenyewe. Mkisikia Mwajuma kafutwa kwenye ratiba, mtajua kwa nini.

Kuepua ameshasoma hapo juu. Sukari iwe rangi gani ndipo aepue, hilo sikuandika.

Nimekumiss vibaya, shosti. Leo nimegonga ukuta wa duka mara mbili, kama tulivyozoea chai ikiiva. Hakuna aliyejibu.

Ulisema, "Nikifa, sema." Nimesema. Lala sasa salama, mikono yako ipumzike.