Khazir Mwoka Mikate na Samaki wa Nundkol

"Hebu niambie, Mokhta, jogoo wangu anakuja kwenu kunyolewa?"

Swali hilo Fazi aliliuliza juu ya ukuta wa mawe unaotenganisha nyua zao, jogoo mwenyewe kambana kwapani. Mokhta alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Alimtazama jogoo. Shingo ilikuwa nyekundu tupu, kama ya mzee aliyepeperushiwa kilemba na upepo. Uongo ulimjia mdomoni, lakini alikuwa ametoka kuswali adhuhuri na udhu wake ulikuwa bado mzima, akaona haya. Akakubali kwamba ndiyo, jogoo ananyolewa, na kinyozi ni Baba Shabir.

Baba Shabir ndiye Khazir, mumewe, mwoka mikate wa mtaa wa chini. Hakuwa mwizi, jamani. Alimwita jogoo kwa makombo, akamkalisha mapajani, akamnyonyoa unyoya mmoja mmoja huku akimwomba radhi. Manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, ukiyazungusha kwenye kindoana kidogo kama punje ya mpunga na kuyakaza kwa uzi wa hariri, yanageuka mdudu. Mdudu huyo ukimtua juu ya maji baridi ya mlimani, samaki aitwaye trauti humdhania nzi aliyechoka, akapanda kumla. Khazir alikuwa na kopo zima la wadudu kama hao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa.

Fazi alisikiliza yote hayo, akamshusha jogoo chini. Akasema haina neno, ila samaki wa kwanza atakuwa wa jogoo, maana ndiye aliyetoa nguo yake.

Khazir alizaliwa mtoni. Baba yake aliwabebea wageni fimbo zao za kuvulia kando ya mto Sind na kwenye maziwa ya juu, na mtoto alijifunza kurusha mshipi kabla hajajua kufunga kamba ya suruali. Laiti mambo yangekwenda hivyo hivyo, naye angezeeka na maji magotini. Lakini baba yake Mokhta alikuwa na tanuri na hakuwa na mtoto wa kiume, na mwenye tanuri asiye na mwana hutafuta mkwe wa kuhamia kwake. Khazir akahamia, na furushi la nguo, na fimbo moja ya mwanzi mgongoni. Vijana wenzake walimcheka siku ya harusi, wakasema wengine huoa mke, huyu kaolewa na tanuri. Mokhta aliyasikia yale akiwa ndani ya shela. Aliyaweka moyoni, na hapo yalikaa.

Maana kweli, mwoka mikate hana likizo. Imamu akichelewa watu humsamehe, wakasema kazidiwa na usingizi. Mwoka mikate akichelewa, mtaa mzima unasimama mlangoni na vitambaa vyao mikononi, na chai ya chumvi inapoa majumbani. Asubuhi wanataka girda, ile mikate ya mviringo yenye alama za vidole. Alasiri wanataka tena. Basi kila theluji ilipoyeyuka begani mwa mlima Harmukh, Khazir aliishusha fimbo ukutani, akaipaka mafuta, akasema mwaka huu ziwa la Nundkol lazima. Mara harusi, mara Ramadhani, mara Shabir anafanya mitihani, na theluji ikarudi mahali pake. Fimbo ikapandishwa darini. Mokhta alizoea kusema kwamba fimbo ile imesafiri kuliko mwenyewe, kutoka ukutani hadi darini, na kutoka darini hadi ukutani.

Majira haya mambo yalikuwa mengine. Daktari alilibonyeza goti la Khazir, akalisikiliza likilia, akasema humo ndani umebaki mlima mmoja tu. Khazir alirudi nyumbani, na kesho yake akaenda kuchukua kibali cha kuvulia, cha fimbo moja, kikiwa na tarehe yake. Akaongea na Alaf Din mwenye farasi, akapanga farasi mmoja wa kubeba hema na unga. Kama si sasa, ndiyo basi tena.

Mokhta alifurahi kwa ajili yake, Mola ni shahidi. Ila palikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Yeye amezaliwa chini ya mlima ule na hajawahi kuipita misonobari wanakookota kuni. Nundkol alilijua kwa kusimuliwa tu: maji ya kijani, barafu inayoning'inia juu yake, samaki wanaozunguka mawe kama mahujaji. Angeweza kulifikia akiwa kafumba macho. Alitamani mno kuliona. Lakini Khazir hajawahi kumwambia twende, na mwanamke wa makamo haombi safari kama mtoto anayeomba halua. Alimfumia soksi nzito.

Fujo aliileta yeye mwenyewe, na kwa nia njema. Msafiri wa mlimani huombewa kwa taher, wali wa manjano unaogawiwa jirani kwa jirani uwe sadaka, ubaya upite mbali. Mokhta alipika sufuria kubwa, akaweka nia ya goti, akagawa mtaa mzima. Na kila aliyepokea alitaka kujua taher ya nini. Akijua, anakwenda kwenye kibaraza cha tanuri kumtakia Khazir heri.

Hapo ndipo ulimi mtamu ulipomponza Khazir. Kwao mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu, naye anasema ameshiba hata kama tumbo linanguruma. Akikukuta unaondoka, unamwambia twende wote, naye anasema nenda tu, Mungu akutangulie. Mara ya pili unamsihi, mara ya pili anakataa, na hapo heshima imekamilika na kila mtu anashika njia yake. Khazir hakuwa na mfano kwa adabu hiyo. Alimkaribisha Nazir mchinjaji. Alimkaribisha Ghani, mume wa Fazi. Aliwakaribisha hata wazee wawili waliokuja kununua mkate tu na habari za safari walikuwa hawana.

Nazir ndiye aliyevunja utaratibu. Alipoambiwa twende wote, alimega mkate, akatafuna, akafikiri, kisha akamjibu kwa Kak, neno lao la heshima kwa mkubwa.

"Khazir Kak, wewe ukiondoka hapa asubuhi tutakula nini? Mawe? Mimi naufuata mkate ulipo."

Wote wakamgeukia. Likawa kama tundu kwenye mfuko wa mchele. Ghani naye akasema kweli, bila girda mtaa huu una nini cha kumbakiza mtu. Wazee wawili wakasema hewa ya juu ni nzuri kwa kifua. Khazir alikuwa ameinama tanurini, na aliyekuwa karibu aliona masikio yake yakiiva kabla ya mkate.

Siku iliyofuata kibaraza kiligeuka baraza la vita. Nazir ataleta kondoo, achinjwe hukohuko. Ghani ataleta samovari yake ya shaba, ile yenye mkaa tumboni, kwa sababu chai ya birika la bati si chai. Mmoja wa wazee hawezi kulala bila godoro la sufi. Mwingine akauliza zulia gani litatosha watu wote hao, akapendekeza la msikiti mdogo, kwa ruhusa. Fazi alipita na jogoo wake, akasema huyu naye ni fundi, na fundi haachwi. Alaf Din alipoambiwa farasi wafike wangapi, alivua kofia, akauliza hii ni safari ya uvuvi au mtaa unahama.

Khazir akacheka nao. Angefanya nini? Neno la karibu likishatoka halirudishwi, ni kama kumnyang'anya mgeni tonge. Lakini siku hiyo girda zake zilitoka na weusi upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azikwe baba mkwe.

Jioni alikaa kizingitini, kopo la wadudu mapajani. Mokhta alimletea chai. Akamwuliza trauti wa Nundkol wakoje, ingawa alijua.

Khazir alimwambia kwamba wanaona kivuli cha kunguru. Mtu hutembea kwa kunyata, hushuka kwa magoti, harushi neno kabla hajarusha mshipi. Wakisikia samovari inachemka upande wa pili wa ziwa, watashuka chini na hawatapanda hadi vuli. Kisha akalifunika kopo, akasema pengine ndivyo ilivyoandikwa, atakwenda kula kondoo kando ya ziwa, na fimbo itarudi darini kwa heri.

Mokhta aliviweka vikombe chini. Aliona jambo moja wazi kabisa, na alitamani asingeliona. Wale watu hawakufuata samaki, walifuata mkate. Mkate ukibaki, nao watabaki. Na mtu wa kuubakiza mkate alikuwa amekaa palepale, binti wa mwenye tanuri, aliyekanda unga kabla hajajua kusoma.

"Nitaoka mimi, Baba Shabir," alisema. "Wewe nenda zako na farasi wako mmoja."

Khazir alimtazama. Alimtazama sana, kama mtu anayepima unga kama umeumuka. Aliinuka, akachukua kofia yake, akaenda zake kuelekea mtaa wa juu huku akichechemea. Mokhta alibaki na vikombe. Aliviosha, akaswali, na katika sijda akaomba furaha ya mwenzake imtoshe naye. Haikumtosha mara moja, lakini aliendelea kuomba.

Mtaa wa juu kulikuwa na nani? Kulikuwa na Lassa, mwoka mikate mwingine. Na hapa lazima isemwe kwamba Khazir na Lassa hawakuwa maadui, walikuwa kitu kibaya zaidi, walikuwa washindani. Khazir ndiye aliyesema kwamba mtu akikatikiwa kiatu njiani, afunge girda ya Lassa mguuni, atafika. Maneno yale yalipanda hadi mtaa wa juu yakiwa na miguu yake yenyewe.

Asubuhi watu walipofika na vitambaa vyao walimkuta Lassa amesimama kibarazani kwa Khazir, mikono amekunja, kikapu kimefunikwa miguuni. Habari ilieleweka haraka: Lassa ana mdogo wake wa kushika tanuri la juu, naye yuko radhi kuja kushika la chini mpaka Khazir arudi. Ila ana sharti. Alifunua kikapu, akatoa girda moja ya kwake, akamnyooshea Khazir mbele ya kadamnasi.

Mokhta alikuwa akichungulia kutoka mlango wa ndani. Hakuelewa. Si jana tu alisema ataoka yeye? Kwa nini mtu ajidhalilishe kwa Lassa, na nyumbani yupo mwokaji wa bure?

Khazir aliipokea girda. Aliila yote, kavu, bila chai, akiitafuna taratibu kama anayesoma dua. Akameza.

"Mkate mzuri," alisema.

"Rudia kidogo," Lassa alimwambia kwa upole. "Mzee pale nyuma hasikii vizuri."

"Mkate wa Lassa ni mzuri. Laini. Nilisema mengine zamani kwa sababu ya husuda."

Watu walicheka mpaka Ghani akaegemea ukuta. Lassa hakucheka, alifuta jicho kwa pembe ya joho, akavua viatu, akashika tanuri kama mwenye nyumba. Mikate ya kwanza ilipotoka, kila mtu alitaka kuonja mkono mpya kwenye moto wa zamani, na ubishi ukaanza uleule, ya nani laini, ya nani ina chumvi. Na katikati ya ubishi huo safari ilianza kupungua uzito. Nazir alikumbuka ana ng'ombe wa kuchinja. Wazee wakakumbuka vifua vyao havipendi baridi. Wa mwisho alikuwa Ghani, aliyemshika Khazir bega akamwambia maneno ambayo angemwambia tangu mwanzo.

"Nenda tu, Khazir Kak. Sisi tumeshashiba."

Khazir, kwa mazoea, akafungua kinywa kumsihi mara ya pili. Mokhta alikohoa kwa nguvu kule mlangoni. Kinywa kikafungwa.

Alasiri Mokhta alimfungia mzigo wake: soksi, unga, chumvi, majani ya chai, mkeka wa kuswalia. Alifanya taratibu ili asimalize. Khazir aliingia akiwa na fimbo mkono mmoja na ule wavu mdogo wa mpini, wa kumwopolea samaki majini, mkono wa pili. Akauweka wavu juu ya mapaja ya mkewe. Mokhta akauliza auweke wapi, mfuko umejaa.

Khazir alijikuna goti. Mtu huyu aliyeukaribisha mtaa mzima kwa siku mbili, na wazee wawili wasiojua waendako, alikuwa hapati neno la kuanzia. Akatazama dirishani, kuona kama Fazi yuko ukutani. Fazi alikuwepo, na jogoo. Akamwacha awepo. Kisha akamwita mkewe kwa jina lake, ambalo mdomoni mwake halikuwa limesikika tangu Shabir azaliwe.

"Mokhta, naomba twende wote. Hii si karibu ya mlangoni, kwa hiyo usinikatalie hata mara moja."