Msitu Ambao Hakuna Aliyeupanda

Bibi Rusanka ananiudhi, tena sana, na leo nitasema kwa nini. Mimi ni Tsonyo. Nauza mikate na vikorokoro vya nyumbani kwa gari, nazunguka vijiji vya mlimani ambako maduka yalifungwa zamani. Kijiji cha Zelenkovtsi kina mteja mmoja tu, naye ndiye huyo. Wengine wote wako makaburini, au Uhispania.

Alizaliwa hapo hapo, akaolewa nyumba ya jirani, akakamua kondoo wa ushirika mpaka ushirika wenyewe ukavunjika. Mumewe, Mincho, alifia shambani akipalilia viazi. Kila mwaka Bibi hubandika langoni tangazo la msiba wake, lenye picha, kama tunavyofanya sote huku. Siku moja nikamuuliza, "Sasa hili analisoma nani?" Akanikata jicho. "Wewe si una macho? Soma." Nikavua kofia, nikasoma. Ana mtoto mmoja, Stoil, anachuma machungwa Valencia, naye hupiga simu Pasaka.

Basi kampuni ya saruji ya mjini kwetu ikatangaza kwamba inaelekea sifuri. Maana yake, moshi wa tanuri zake utafidiwa na miti inayonyonya hewa chafu, hesabu ikifungwa isionekane imechafua kitu. Na miti yenyewe ni ipi? Msitu wa Zelenkovtsi! Kampuni ikadai imeupanda, ikasimamisha na kibao njia panda. Makubwa haya! Mimi na Bibi tulijua hawakupanda hata kijiti. Watu walihama, mashamba yakalala, miti ikajiotea.

Lakini tulifunga midomo. Kibao kilikuja na neema zake. Trekta la kampuni likawa linasukuma theluji barabarani majira ya baridi, na mpimaji wao, Ognyan, akawa anapanda mlimani kupima unene wa miti kwa utepe. Akimaliza kazi anaingia kwa Bibi, anakula maharage, wanacheza karata na kutupiana maneno.

"Umeficha karata, mwizi wee!"

"Sijaficha, Bibi. Macho yako ndiyo yamechoka."

"Yamechoka lakini mwizi yanamtambua tangu langoni!"

Siku ya Ognyan, Bibi anajifunga kitambaa safi kichwani tangu alfajiri. Asipokuja, mimi ndiye ninayepokea hasira. "Jana nimeongea na jiko," aliniambia safari moja. "Nalo limeninunia."

Mwaka jana, vuli, akaja mkaguzi, mwanamama anayeitwa Radina. Hakuwa mtu wa serikali wala wa kampuni. Alikuja kwa niaba ya watu wanaoshika viwango vya kimataifa, vile vinavyosema huwezi kujiita sifuri kwa maneno. Kwanza upunguze moshi wako mwenyewe. Kile kidogo kinachobaki ndicho unaweza kukifidia kwa miti, na iwe miti ambayo bila wewe isingekuwepo. Wala sikatai, ni sawa kabisa. Mke wangu akianika shuka kule mjini, jioni anaanua majivu.

Ognyan alimtangulia, uso umemsawajika. "Bibi yangu, mwambie tu tulipanda. Neno moja. Ukikataa, mimi sina kazi hapa, na trekta halipandi tena." Bibi akamjazia sahani. Ilikuwa siku yangu ya mikate, kwa hiyo nilikuwa nimeketi pale pale. Nikamkonyeza: sema! Akajifanya haoni.

Radina akaingia, akasalimu kwa adabu, akakubali kahawa. "Bibi, picha za zamani zilizopigwa kutoka angani hazieleweki vizuri. Kampuni inasema ilipopanda msitu, hapa palikuwa pori tupu, halijawahi kulimwa. Ni kweli?"

Bibi akaweka kikombe chini.

"Wamesema halijawahi kulimwa?"

"Ndivyo walivyosema."

Akainuka, akachukua fimbo, akatoka. Tukamfuata sote hadi ndani ya msitu. Akagonga mti mmoja kwa fimbo. "Huu mjozi umesimama jikoni kwa kina Gancho. Pale walikuwa mapacha, walienda Ugiriki. Hapa alilima Mincho wangu, na pale alianguka. Hakupanda mtu, mwanangu. Watu waliondoka tu."

Ognyan akageuka, akashuka mpaka kwenye gari lake bila kuaga. Nilitamani nimzibe bibi huyu mdomo kwa mkate.

Radina akamshika mikono yote miwili. "Asante, Bibi. Umenisaidia sana."

"Utarudi lini?" Bibi akauliza.

"Sitarudi. Kazi yangu hapa imekwisha."

"Hata kunywa kahawa tu?"

Radina akatazama chini, akasema anakaa mbali. Alipoondoka nilipasuka. "Bibi wee! Ungedanganya kidogo ungekufa?"

"Ningesema ndiyo, Mincho angekuwa alilima wapi? Hewani?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sisi tulikuwepo hapa, Tsonyo. Tulikuwepo."

Nikampa mkate, nikashuka.

Kampuni ikanyang'anywa sifuri yake, kibao kikang'olewa. Ikalazimika kuanza na tanuri zake, na ile kuukuu kuliko zote ikazimwa. Ognyan akapata kazi kwingine, wala sijamwona tena mlimani. Theluji ikaanguka, trekta halikuja, gari langu likakwama njia panda. Nilijaribu kwa miguu nikazama kiunoni, nikarudi nikitukana.

Nikampigia simu nikiwa kijiji cha chini, wateja wamenizunguka.

"Bibi, upo?"

"Nitakuwa wapi?"

"Unga unao? Kuni je?"

"Nimezungukwa na msitu, unaniuliza kuni!"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba tanuri imezimwa, kwamba mke wangu sasa anaanua shuka nyeupe.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, mwambie nimefurahi."

Wateja walikuwa wananiita, mmoja anataka chumvi, wawili wanagombana juu ya mpira wa jana. Nikamwambia, "Haya Bibi, wacha nihudumie watu."

"Tsonyo."

"Naam."

"Usikate kwanza. Si lazima uniongeleshe. Niache tu nisikie watu."

Nikaiweka simu juu ya mikate, wakaendelea kugombana.