Mlango wa Mninga na Randa Iliyogeuzwa

Juzi nilipita mbele ya karakana ya kijana mmoja hapa Makole, na harufu ya maranda mabichi ya mninga ikanishika pua. Kama umewahi kuinusa unajua ninachosema: ina utamu kidogo, ina ukali kidogo, na inabaki nguoni siku nzima. Nikasimama juani na kikapu changu cha mboga, bibi mzima, navuta pumzi. Kijana akaniamkia shikamoo, akauliza kama nataka kitanda. Nikamwambia sitaki kitanda, nataka kunusa tu. Akacheka, akanipa kigoda nikae.

Basi ninyi mnaochonga jioni baada ya kazi, kwa raha zenu na si kwa kuuza, hebu sogeeni. Nami nachonga hivyo hivyo mpaka leo. Nilianza nikiwa mtoto, siku zile za Mdachi, reli ilipokuwa bado inatambaa kutoka pwani kuja huku kwetu Ugogo.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, ndefu na ya paa bapa la udongo, na ndama walilala ndani pamoja nasi. Mlango ulikuwa wa fito zilizosukwa kwa kamba za magome. Asubuhi moja tulizikuta fito zimetawanyika uani na ndama mmoja hayupo. Fisi alikuwa amepita. Alibaki ndama mmoja tu, jike mwenye doa jeupe usoni, na mama yake ndiye aliyekuwa na maziwa pale nyumbani. Ng'ombe wetu wa kienyeji, asipomwona ndama wake, anabana maziwa, hata umwimbie. Mdogo wangu alikuwa mchanga na mama alikuwa amekaukiwa kifuani, hivyo ndama yule akiliwa, mtoto naye hana chakula. Hata mimi niliyekuwa na akili za kuchezea udongo nililielewa hilo.

"Fisi akishajua njia hasahau," alisema baba. "Nataka mlango wa mbao, na nautaka upesi."

Baba yangu, Ndahani, alikuwa mfugaji. Kuchonga ilikuwa ni starehe yake: vigoda, vinu, mizinga ya nyuki. Nyuma ya nyumba alikuwa na gogo la mninga alilolitunza kivulini tangu masika, ncha zote mbili amezipaka samadi ya ng'ombe. Shikeni hili kabla ya yote. Mti hukaukia nchani kwanza, na ncha zikikauka haraka kuliko tumbo, gogo linapasuka. Samadi inazifunika, unyevu unatoka polepole, nawe unapata ubao usio na ufa. Rangi ya mafuta ya dukani inafanya kazi hiyo pia, ila samadi ni bure na ina harufu ya nyumbani.

Tulilipasua gogo kwa kabari, kisha baba akaanza kulichonga kwa tezo, kile kishoka chenye bapa la kukingama, akatoa mbao mbili nene. Nasema tulilipasua kwa sababu nami nilikuwamo, na kweli nilikuwamo. Siku nyingine zote mtoto wa kike hakuruhusiwa hata kuruka mpini wa tezo. Safari hii baba aliniita mwenyewe. Alinifundisha kuinoa kwa jiwe la mtoni na maji, upande wa ndani kwanza, taratibu, mpaka makali yanyoe vinyweleo vya mkono. Alinionyesha namna ya kuiacha ianguke kwa uzito wake, maana anayeisukuma kwa hasira huishia kujikata muundi. Nilikuwa nimelewa furaha. Nilikuwa naamka kabla ya kuku, nakwenda kuzigusa zile mbao kuhakikisha hazikuwa ndoto.

Mama hakupendezwa. "Utamharibu huyu mtoto. Nani ataoa mikono ya mhunzi?"

"Mikono ni mikono, mama Nyemo," alijibu baba, hakuinua hata kichwa. Nyemo ndiye mimi.

Taabu ilianza tulipozisimamisha mbao mbili ubavu kwa ubavu. Tezo inaacha mawimbi. Hapa zinagusana, pale kidole kinapita. Fisi akipata pa kupenyeza jino, mlango huo ni wake. Ndipo baba alipotoa kwenye mfuko wa ngozi kitu ambacho sikuwahi kukiona: randa. Aliipata kambi ya reli kwa kibuyu cha asali, kutoka kwa fundi mmoja wa Kihindi ambaye alikuwa na nyingine mpya. Baba alikuwa amemtazama yule fundi akiisukuma juu ya meza, maranda yakiruka. Jambo dogo kabisa, alisema.

Sasa sisi Wagogo tunafanya kazi tumekaa. Meza hatuna, na nani aliihitaji? Ubao unaubana kwa nyayo, tezo inakuja upande wako. Baba akaketi chini, akausimamisha ubao kwa ubavu wake katikati ya miguu, akaisukuma randa kwa nguvu zake zote. Ubao ukachomoka, ukaenda zake. Akaurudisha, akasukuma, ukaenda tena. Akawa anaufuata uani kwa makalio, anasota, anasukuma, vumbi limemjaa ndevu. Jirani yetu mzee Chipanha, aliyekuja kuomba moto, aliweka kigae chake chini ili acheke vizuri.

"Ndahani, unachonga au unachunga?"

Baba aliipiga randa teke, akaenda kunywa maji. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na jana yake jioni fisi alisikika karibu.

Niliiokota. Niliigeuza huku na huku, nikaona kile kichuma chenye makali kimelala kuelekea upande mmoja. Nikajiambia, kama tezo inakuja kwangu, kwa nini hii iende? Nikaketi juu ya kigogo, nikauleta ubao mpaka ncha yake ikagota kwenye kigogo hicho hicho nilichokikalia, nikaubana kwa nyayo. Nikaigeuza randa ielekee tumboni kwangu. Nikavuta.

Ikalia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Utepe mwekundu ukajikunja, ukapanda, ukaniangukia mapajani, mwembamba na wa moto. Nikavuta tena, ukaja mwingine. Nilisahau kwamba mzee Chipanha yupo, nilimsahau fisi, nilikuwa navuta tu, na ubao hauendi popote kwa sababu kila ninavyovuta ndivyo unavyojikaza kwenye kigogo.

Baba alikuwa amesimama na kibuyu mkononi, maji yanamwagika. "Endelea," alisema kwa sauti ya chini.

Tulishirikiana tangu hapo. Mahali pengine randa ilikwaruza, ikang'oa vipande. Akaniambia nipapase ubao kwa kiganja kama ninavyompapasa ng'ombe: upande mmoja manyoya yanalala, upande wa pili yanasimama. Ufuate upande yanapolala. Kwa hiyo tukawa tunaugeuza ubao, kichwa huku, miguu kule. Kisha akapaka masizi ya chungu kwenye ubavu wa ubao mmoja, akaubandika kwa mwenzake na kuuondoa. Palipochafuka ndipo palipoinuka, na hapo tu ndipo pa kuparua. Paka, bandika, ondoa, parua. Nyie mna rula za chuma, lakini jaribuni masizi siku moja mwone. Mwisho tuliziinua mbao zote mbili mbele ya jua, na mwanga haukupita. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, akaniinua juu kama mtoto mchanga.

Tulitoboa matundu kwa chuma cha moto, tukazifunga kwa mbavu mbili za kukingama na vigingi vya mti mkavu. Vigingi lazima viwe vikavu kuliko mbao. Vikiwa vibichi vitasinyaa na kulegea. Tukalainisha kwa majani ya msasa, tukapaka samli. Kabla jua halijazama mlango ulikuwa umesimama.

Asubuhi tulikuta mikwaruzo ya meno na kucha kuanzia chini hadi kifuani kwa mtu. Ndama alikuwa ndani, anamnyonya mama yake kwa vishindo. Mzee Chipanha alikuja kupitisha kucha yake kwenye maungio, hakuona pa kuiingiza. "Kazi yako, Ndahani," alisema. Baba akamjibu, "Ya Nyemo."

Siku ile ile baba alipigilia vijiti vipya vya kutundikia ukutani, chini kabisa, usawa wa bega langu, akatundika hapo tezo, kabari na randa. Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa. Nilimwimbia mdogo wangu wimbo wa kujisifu mpaka akalala.

Kesho yake wakaja askari na mtu aliyetumwa na jumbe, mkuu wa kijiji chetu, wakamwita baba kwenda kazi ya reli. Nilishangaa kwamba hakushangaa. Mfuko wake wa unga ulikuwa umeshafungwa. Alimuaga mama, akanigusa kichwa, akaenda nao. Alirudi reli ilipokuwa imeshatupita mbali kwenda Tabora, amekonda, anakohoa, lakini alirudi.

Nilikuwa mama wa watoto wangu mwenyewe, tunamenya karanga, mama aliponiambia. Jumbe alimwonya baba mapema, hata kabla ndama hajaliwa. Angeweza kukimbilia porini kama walivyofanya wengine, lakini ndama alipoliwa aliomba siku chache tu amalize mlango. "Mimi nilimkataza kukuita kazini," mama alisema. "Akaniambia, nikiondoka, mlango ukivunjika, nani atautengeneza?"

Uliwahi kuvunjika kweli, masika ya kwanza baba akiwa relini, kigingi kilikatika. Nilinyoosha mkono, nikachukua tezo bila kupanda juu ya kitu chochote.