Kinyozi Aliyedhaniwa Mvivu

Kinyozi alipenda mkasi kuliko mashine, kwa kuwa mlio wake ulimweka macho. Waliongoja zamu waliuzoea mlio huo; ukikatika tu, waliita kwa pamoja, "Fundi!" Naye aligutuka, akauinua mkasi mbali na sikio la mteja, akaomba radhi kwa sauti kavu ya mtu aliyekesha, ilhali usiku kucha alikuwa kitandani akikoroma. Shemeji yake, mwenye saluni, alikwisha kata shauri: uvivu huo usipokoma, kiti kingepewa mtu mwingine. Alimsindikiza hata hospitalini kusikiliza majibu ya kipimo cha usingizi, akitaraji mtaalamu ataunga mkono maneno yake.

"Ukilala, koo linaziba na pumzi inakatika," daktari alieleza. "Mwili unashtuka ili uivute tena, na hali hiyo hujirudia hadi asubuhi. Unalala, mzee, lakini hupumziki."

"Kwa hiyo si uvivu?" kinyozi aliuliza.

"Ni ugonjwa, na una tiba. Utalala na kifaa kinachosukuma hewa puani."

Vidole vya kinyozi viliikung'uta kola ya shati lake, vikainyoosha, kama afanyavyo kwa mteja aliyetoka kunyolewa.

"Rudia hapo pa ugonjwa, daktari, tena ukimtazama shemeji."

Daktari alirudia huku akicheka. Shemeji alikohoa, akainama.

"Basi, shemeji. Kiti ni chako."

"Najua. Ila kesho utaanza kukikalia wewe. Hizo nywele zako zinaniaibisha mjini."