Fungu la Afande

Jana sahani mbili zilirudi jikoni zimejaa, mjukuu wangu: ya mbwa wako na yangu. Nilikuona ulivyosimama mlangoni, mikono kiunoni, hujui uanze kumbembeleza nani. Njoo ukae hapa. Siyo huko mbali, hapa, sauti yangu siku hizi haifiki hata kwa jirani. Nakumbuka siku moja bibi yangu alinikemea kwa ajili ya mbwa, na nikikutazama naona zamu ya kukemewa imekufikia wewe.

Nilikuwa msichana wa rika lako. Kwetu kulikuwa Nyegezi, kando kabisa ya ziwa, kabla ya stendi ya mabasi na makelele yake. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, mimi na mama tukianika. Wala hatukuwa na vichanja kama hivi vya sasa. Tulianika juu ya majabali, na mawe ya Mwanza unayajua, jua likishayapiga unaweza kukaangia yai. Harufu ile wenyeji wa mjini waliziba pua. Mimi mpaka leo nikipita mtaa wa Mirongo nikakutana na gunia la dagaa nasimama kidogo, najifanya nafunga kanga vizuri, kumbe namkumbuka mama.

Sasa, dagaa wakianikwa, ndege wote wa ziwa wanakuwa wageni wako. Mwewe, kunguru, yangeyange, na kuku wa majirani juu yake. Ndipo ilipokuwa kazi ya Afande. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, na Baba alimpa jina hilo kwa sababu hata yeye mwenye nyumba akipita karibu na dagaa alibwekewa. Aliruka kutoka jabali hili hadi lile utadhani ana springi miguuni.

Na kwetu kulikuwa na utaratibu: hakuna mtu anayeonja dagaa kabla ya kuanua. Mtoto alie, mgeni aje, utangoja. Jua likipoa tunaanua, na fungu la kwanza kabisa, kabla ya la Baba, mama alilirusha kwa Afande palepale juu ya jabali. Hilo lilikuwa fungu la mlinzi. Mbwa yule alikula hivyo maisha yake yote, hakujua kula kwingine.

Alizeeka, lakini nani wa kumwambia? Siku moja akamrukia mwewe, akatua vibaya. Mama wee, ule mlio! Tulipomfikia alikuwa anavuta miguu ya nyuma kama kitambaa kilicholowa. Nikambeba nyumbani huku nalia.

Bwana mifugo alikuja, akampapasa, akatueleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto wa kulalia, na mto mmoja umechomoka ukabana mshipa wa fahamu. Mambo yaleyale uliyoambiwa wewe juu ya huyu mbwa wako Bobi. Dawa akatoa, ila akasema dawa kubwa ni kutulia: awekwe mahali padogo, asiruke, asikimbie, ageuzwe ubavu asipate vidonda, na akienda haja ashikiliwe kwa kanga chini ya tumbo.

Nikayafanya yote, mwanangu, na zaidi. Nikamzungushia makreti ya soda kwenye kibanda cha nyavu, nikamtandikia majani makavu. Nikaziba uwazi wote kwa magunia, asione ndege akatamani kuruka. Kuku wakisogea nawafukuza mwenyewe. Nyumba nzima ilinong'ona. Maumivu yakapungua, hata alipokuwa akigeuzwa hakulia tena. Nikasema, tumeshinda.

Kumbe bado. Afande aligoma kula. Nikampikia supu ya sato, akageuza shingo. Nikamsongea ugali laini, akafumba macho. Nikamfungua mdomo kwa nguvu, maana wanasema mgonjwa haulizwi uji. Akautema wote kwenye magoti yangu. Mbavu zikaanza kuhesabika. Baba, ambaye hakuweza hata kuchungulia kile kibanda, akasema akiwa amenipa mgongo, "Binti yangu, mbwa asiyekula ameshaamua. Bwana mifugo akirudi tutamwomba ampumzishe." Nilimchukia baba yangu siku ile, Mungu anisamehe. Kwani alisema uongo?

Ndipo Bibi, mama yake mama, akaja kutoka Ukerewe kututembelea. Mwanamke mfupi, mkali, anayecheka na watu kwa jicho moja. Nikamsalimu shikamoo, hakumaliza hata marahaba.

"Huyu mmemfunga kwa kosa gani?" akauliza, ameshika gunia la kibandani.

Nikamweleza yote: mgongo, bwana mifugo, supu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na alikuwa anakula wapi?"

"Juu ya jabali, Bibi. Tukishaanua."

"Akishalinda."

"Ndiyo, akishalinda."

"Ehe," akasema. Akavuta magunia, moja baada ya jingine, mwanga ukaingia. Akachukua kipande cha wavu mkuukuu, akakitandaza mbele ya makreti, karibu na pua ya Afande, akamwaga juu yake dagaa wabichi. Kisha akaanza kuwaita kuku. Kuku, mwanangu!

Moyo ulinipasuka. "Bibi, ameambiwa asitikisike! Akiruka anakufa!"

"Nani kasema aruke? Kubweka kunataka miguu?" Akaingia ndani ya makreti, akakaa nyuma ya yule mbwa, akamshika nyonga kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtungi uliojaa. "Wewe nyamaza, mke mwenzangu, uone."

Kuku mmoja akaja, mwenye shingo tupu, mwizi anayejulikana mtaa mzima. Akadonoa dagaa wa kwanza. Afande akafumbua jicho. Akadonoa wa pili. Sikio lililochanika likasimama. Halafu kikatoka kifuani kwake kitu ambacho hakikuwa kubweka hasa, kilikuwa kama kikohozi cha mzee aliyeudhiwa. Yule kuku alivyotimka! Bibi hakucheka. Akakaa vilevile, jua likasogea, kuku wakaja na wakafukuzwa, na sauti ya Afande kila mara ikipanda kidogo.

Jua lilipopoa Bibi akaanua dagaa wake, taratibu, mbele yake. Akarusha fungu la kwanza.

Akala. Akalamba hata wavu. Nililia mpaka nikatoka nje, nikamkuta Baba amesimama nyuma ya kibanda naye anajifuta uso, anasema ni moshi. Moshi wa wapi, hakuna aliyekuwa anapika.

Bibi akanikalisha kama nilivyokukalisha. "Umemtunza vizuri," akasema, "lakini umemtunza kama mzigo. Ulimpumzisha mgongo, ukampumzisha na ulinzi. Mgongo ndio ulioumia. Ulinzi ulikuwa mzima."

Afande alikaa ndani ya makreti mpaka bwana mifugo aliporidhika, hatukumharakisha hata siku moja. Kisha tukamtembeza kwa kanga, mimi nimeinama, yeye anayumba kama mlevi anayetoka harusini. Hakuruka tena. Baba akahamisha dagaa wote kutoka majabali ya juu akawaleta kwenye mwamba wa chini, ambako mbwa anafika kwa kutembea. Pale alilinda akiwa amelala mpaka uzee ulipomchukua, na fungu lake hakulikosa.

Sasa nikuambie wazi, maana jungu kuu halikosi ukoko. Maagizo ya daktari wa Bobi yafuate yote; asiruke, asipande kochi, usimwonee huruma ya kumfungulia kabla ya wakati. Ila kitanda chake kitoe huko chumba cha nyuma. Kiweke hapa anapoliona geti, amsikie muuza maziwa, ambwekee akiwa amelala. Ukirudi kutoka kazini umshukuru kwa kulinda, ndipo umpe chakula. Anayeuguzwa mpe raha, lakini usimnyang'anye kazi yote, utamzika angali anapumua.

Na mimi, mjukuu wangu? Tangu kiuno hiki kianze kunisumbua umenipokonya kisu, umenipokonya mchele, na jana umeniondolea ungo mapajani. "Bibi, pumzika." Nimepumzika. Chakula hakipiti.

Mungu akupe mikono mipole na macho ya kuona, na siku ukizeeka akujalie mtu wa kukutandikia wavu wako. Haya, inuka. Kamhamishe mbwa, halafu uniletee ungo wangu na mchele wa leo.